Spika za sungura saba: nilimnunulia Baba kishindo, yeye alitaka sauti

Wakuu, niaje. Wa Thika, wa Ruiru, na nyinyi mlio ng'ambo mnasoma hii mkiwa mmevaa soksi mbili mbili juu ya baridi, wote sasa.

Kuna msee aliuliza hapa juzi anunue spika gani za bei ya chini, zile ndogo za kuweka kwa shelf, zenye amp yake ndani, unachomeka tu kwa radio ama kompyuta. Mkamjibu wati. Mkamjibu bass. Mmoja akamwambia achukue zenye taa nyingi.

Mimi nitamjibu kwa kirefu. Najua mnanijua kwa utani, lakini hii nimeiandika vile ilifanyika, na penye naonekana mjinga nimepaacha hivyo hivyo. Niko cyber ya Thika nikiwa na uniform na mwenyewe ananiangalia vibaya, kwa hivyo spelling mnisamehe.

Kwa nyumba tuko wawili, mimi na Baba, chumba kimoja na nusu huku Kiuu, Ruiru. Hiyo nusu ni jikoni. Mimi niko fom three. Baba alifuma vitambaa kwa kiwanda kimoja Thika miaka ishirini na mbili, mpaka mitumba ikajaa soko na kiwanda kikafungwa. Walimpatia cheti na blanketi. Masikio hawakumrudishia.

Sikio la kushoto lilienda kabisa. La kulia lilikuwa bado linashika, ukimkaribia na uongee pole pole.

Sasa shikeni hii, mtaihitaji huko mbele. Zile mashine za kufuma zina kelele ya kupasua kichwa, kwa hivyo wafanyikazi walizoea kuongea kwa midomo tu, bila sauti. Baba anasoma midomo kama wewe unavyosoma gazeti. Mama naye alijifunza kwake. Alikuwa anamgombeza kanisani katikati ya maombi, mdomo unaenda mbio na hakuna mtu mwingine anajua kitu. Mimi pia naweza. Kuna mitihani miwili mitatu nimepita hivyo, hiyo tuiache.

Mama alifariki mwaka jana.

Alituachia kaseti moja. Ile ya salamu, mnajua. Aliirekodi amtumie dada yake Nakuru badala ya barua, juu alikuwa anasema barua haiwezi kucheka. Hakuwahi kuituma. Ni upande mmoja tu, kama dakika kumi na tano. Anaongea juu ya bei ya sukari, mguu wake, uvivu wangu, na vile Baba anakoroma.

Radio kaseti yetu, spika yake ilikuwa imeraruka. Baba alikuwa anabandika lile sikio la kulia kwa wavu wa radio mpaka anabaki na alama za vishimo kwa shavu.

"Nasikia kuna mtu," anasema. "Maneno ndiyo hayafiki."

Tulijaribu earphone za jirani. Akasema zinamkwaruza tu.

Na daktari alikuwa ameshasema hilo sikio halirudi nyuma, litazidi kwenda. Kwa hivyo shida ilikuwa moja tu, Baba amsikie Mama kabla mlango ufungwe. Nikamwambia mimi ndiye nitatafuta spika. Akanisalimia kwa mkono kama mtu mkubwa.

Nilikuwa na sungura saba. Nilikuwa nimewapa majina ya walimu wetu. Kulikuwa na Bwana Lula, wa hesabu, juu hawezi kusema "rula" hata umlipe. Kulikuwa na Madam wa Bayolojia, ambaye alizaa mara tatu kwa mwaka. Holidei ya Agosti nikawabeba wote kwa kikapu hadi ile hoteli ya zamani karibu na maporomoko ya Chania. Mpishi akaniuliza kama ni wanono. Nikamwambia, "Mkubwa, hawa wamekula chaki na jasho la wanafunzi, wewe angalia tu tumbo." Staffroom yote ikaenda kwa sufuria.

Jioni hiyo nikamwambia Baba kesho naenda Thika kununua. Asubuhi nikaamka nikampata ameshavaa koti la kanisa, amekaa kwa kitanda, viatu vimepigwa rangi.

Hapa ndipo mimi huwa sipendi kufika.

Nilijua vile itakuwa. Atakuwa anasema "Ati?" kila dakika, nami nipige kelele kwa sikio lake mbele ya watu. Na kulikuwa na wasichana wa shule yetu wanashinda hapo town. Nikamwambia kwa midomo, "Baba, ni mbali na kuna jua. Wewe pumzika, nitakuletea."

Akaangalia nje. Kulikuwa na mawingu. Akavua koti.

Duka lilikuwa la Mama Zuhura, huko nyuma ya soko la Thika. Anauza vitu vya stima vya mitumba, kila kitu kinajaribiwa mbele yako. Mama Mwislamu wa hapo town, mpole, buibui safi kuliko uniform yangu siku ya kufungua shule.

Akanionyesha pea mbili.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya mbao, rangi kama ya jeneza la bei rahisi. Haina hata taa. Ya pili ilikuwa nyeusi, plastiki, tumbo kubwa, taa nyekundu, na mbele imeandikwa wati mia nne PMPO, zile za kuandikwa kwa boksi. Ndogo ingekula sungura watano, kubwa saba.

"Unamnunulia nani?" akauliza.

"Baba yangu. Masikio yake ni mabaya kidogo."

"Mbona hukuja naye?"

"Ako na kazi."

Akaniangalia kidogo. "Na atasikiza nini, nyimbo ama watu wakiongea?"

"Watu. Kaseti ya mtu akiongea."

"Basi chukua hizi ndogo, mwanangu. Hizi zinatamka. Hizo nyeusi zinabweka tu. Mtu wa masikio mabaya hakosi kishindo, anakosa maneno, zile S na T zake. Umeileta hiyo kaseti tuijaribu?"

Nilikuwa nayo. Ilikuwa kwa mfuko wa shati, hapa kifuani.

Lakini kulikuwa na vijana wawili wa mtaa wetu hapo mlangoni wanaangalia radio. Nikaona vile sauti ya Mama itatoka hapo mbele yao, ikisema vile mimi nilikuwa nakojoa kitandani mpaka darasa la nne. Ndiyo, ako na hiyo sehemu. Nikamwambia Mama Zuhura nimeisahau nyumbani.

Akaweka kaseti yake ya disko. Zile ndogo zikaimba vizuri, pole, kama kwaya imekaa chini. Zile nyeusi akazifungulia sauti na bati la duka likatetemeka. Mmoja wa wale vijana akasema, "Wee, inagonga kifua, hiyo ni mawe."

Wakuu, nilikuwa nimeshanunua kabla amalize kusema mawe.

"Haya," Mama Zuhura akasema akifunga boksi. "Akikosa kusikia umlete mwenyewe, nitakubadilishia. Lakini usikawie."

Nyumbani nikachomeka. Nikaweka kaseti. Vikombe vikacheza kwa meza. Mimi nilisikia Mama kama mtu amefunikwa na blanketi, anaongea ndani ya pipa. Nikadhani labda ni mimi, juu sikuwa nataka kumsikia sana.

Baba akaweka kiganja juu ya boksi. Akafunga macho. Akaanza kutikisa kichwa pole pole, namna ya mtu anakubali maneno.

"Unamsikia?"

"Ndiyo," akasema. "Namsikia."

Nikatembea mtaa wote kifua mbele. Kila Jumapili baada ya chakula ikawa ni hiyo. Yeye kiti, kiganja, macho yamefungwa. Mimi naenda nje naachia wazee nafasi yao. Nilikuwa hata naambia mabeste, "Buda ako date."

Septemba hilo sikio la kulia likatoa usaha. Wiki mbili za dawa. Likakauka. Hatukuzungumza juu yake sana, juu Jumapili alirudi kwa kiti kama kawaida, na akatikisa kichwa kama kawaida.

Halafu ikafika Jumapili moja ya Novemba.

Radio ikakula kaseti. Nikaitoa pole pole, tepe imejikunja kama matumbo, Baba akiwa bado huko nje anaosha mikono. Nikaenda kukaa kwa ngazi za jirani na kalamu ya Bic, nikaanza kuizungusha irudi ndani. Ilinichukua muda.

Nikarudi ndani. Baba alikuwa ameshakaa kwa kiti chake. Spika zilikuwa zimewashwa, taa nyekundu iko. Kiganja juu ya boksi. Macho yamefungwa. Anatikisa kichwa.

Kwa chumba hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa ule mvumo wa stima, mmmmm, ambao zile spika zilikuwa nao tangu siku ya kwanza.

Nilisimama hapo na Mama kwa mkono, amening'inia kwa kalamu.

Akahisi nimeziba mwanga. Bila kufungua macho akasema, "Leo anaongea pole pole."

Akafungua macho. Akaona kaseti. Akaangalia radio, ule mlango wake mdogo uko wazi. Akaangalia kiganja chake.

"Sasa mimi nimekuwa nikisikiza nini?"

Nikamwambia kwa midomo, "Stima."

Akatoa kiganja kwa boksi. Kisha akaniuliza, "Tangu lini?"

Sikuwa najua, na sikutaka kuhesabu.

Jumamosi iliyofuata tulienda Thika pamoja. Safari hii ni mimi nilimtolea lile koti. Mama Zuhura hakunisema. Akachukua zile nyeusi, akaleta zile ndogo za mbao, ambazo hakuna mtu alikuwa amezitaka. Nikatoa kaseti mbele ya watu wote wa duka.

Mama akatoka hapo wazi kabisa. Kila S. Kila T. Alikohoa, akasema "Dada, ni mimi," na mimi nikaona ni kama amesimama nyuma ya kaunta. Akafika kwa ile ya kukojoa kitandani. Hakuna mtu alicheka. Mama Zuhura alishika kona ya buibui akajifuta.

Baba alikuwa ameinama, sikio la kulia limegusa mbao. Akakaa hivyo upande mzima. Mpaka ikajizima, tak.

"Bado haijaanza?" akaniuliza.

Mama Zuhura akageuka akaanza kupanga betri ambazo zilikuwa zimepangwa.

Sijui kama Agosti angesikia na hizi ndogo. Nimeuliza daktari, akasema pengine ndiyo, pengine hapana. Hiyo pengine ndiyo nalala nayo.

Sasa Jumapili tunafanya hivi. Naweka kaseti kwa zile ndogo. Mimi ndiye nasikiza. Nakaa mbele ya Baba, magoti kwa magoti, na kila kitu Mama anasema nakirudia kwa midomo bila sauti. Sukari. Mguu. Uvivu wangu, hiyo nayo siruki. Akifika kwa kukoroma Baba anacheka mpaka anashika tumbo.

Mara ya kwanza nilijaribu kuongeza chumvi, nikamtilia Mama mzaha wangu mmoja juu ya Bwana Lula. Baba akainua mkono.

"Hiyo si yake," akasema. "Mama yako hakuwa anaongea haraka hivyo. Rudisha nyuma."

Nikarudisha nyuma.

Jumapili iliyopita tulimaliza, nikazima. Kisha akaniuliza, "Njoro, na sauti yake? Ilikuwa nene ama nyembamba? Nimejaribu kukumbuka tangu asubuhi."

Wakuu, mimi naiga kila mwalimu wa shule yetu. Naiga hedmasta na kikohozi chake. Naiga katekista. Lakini utamwonyeshaje mtu sauti kwa midomo?

Nikamwambia, "Katikati."

Akakubali kwa kichwa. "Katikati," akasema. "Ndiyo."

Kwa hivyo wewe msee uliyeuliza spika, jibu langu ndilo hili. Achana na wati za boksi. Beba kile kitu utakuwa unasikiza nyumbani, hata kama kinakuaibisha, ukiweke hapo dukani watu wakisikia. Zima muziki usikize kama spika inavuma ikiwa kimya. Na kama ni za mtu mwingine, mwache avae koti lake muende.

Semeni nyinyi mnatumia gani, na kama kuna mtu amewahi kupata kifaa cha masikio cha bei ya kawaida, hata kama ni cha mtu alikuwa nacho akafa, aniambie hapa. Najua daktari amesema haitasaidia sana. Mniambie tu.

Sungura nimeanza tena. Wako wawili. Safari hii sijawapa majina.