Wageni Katika Tangi Langu

Mwaka wa tisini na sita nilifundisha bayolojia karibu na Kosele, na kwa unyenyekevu wangu wote nilijiita mtafiti. Nilikuwa na tangi dogo la kioo lenye maji ya ziwa. Kila Ijumaa nilitazama tone moja kwa hadubini. Ijumaa hiyo vijidudu vyangu vya kawaida vilikuwa vimetoweka, vingine vigeni vinaogelea kwa fujo. Nikawaita walimu wote.

“Mwenye akili timamu hawezi kunywa maji haya,” nikatangaza, kisha nikapiga funda la maji kutoka gilasi yangu kulainisha koo.

Mama Akoth, mfagiaji wetu, akachungulia mlangoni.

“Mwalimu, hiyo maji yako ya tangi ilikuwa inanuka, nikamwaga juzi. Nikakuwekea ile safi ya mtungi, ile mnakunywa.”

Hakuna aliyeitazama tena hadubini. Walitazama gilasi yangu.