Jinsi ngumi yangu mwenyewe ilivyoniangusha mbele ya wakwe Karurumo

Wakuu, salamu kwenu wote, wa mlimani na wa huko chini kwa joto.

Hii naandika imetokea, imenitokea mimi, na kwa bahati mbaya kuna video. Siiweki hapa. Mkiipata kwingine, msinitag.

Nijitambulishe kidogo ndio msinichanganye na wale members wa kupigana na keyboard. Naitwa Mutwiri, naishi Kaaga, nafanya kazi kwa agrovet hapa Meru town. Kazi yangu ni kutoa magunia ya chakula ya ng'ombe kwa lori na kuyapanga store. Kabla ya hapo nilichuma majani chai kwa shamba ya mzee wangu tangu nikiwa mtoto, kikapu mgongoni, kwa mteremko ambao hata mbuzi anafikiria mara mbili.

Kwa hivyo mikono ninayo. Hapo sijisifu, ni ukweli.

Shida yangu ilikuwa mdomo.

Mwezi wa kumi nilienda Karurumo, kule Embu, kujulishwa kwa kina Wawira. Wawira ndiye mtu wangu. Tulikuwa tumepanga ruracio iwe January, yaani wazee wangu waende wapeleke mahari tumalize mambo.

Tulipokelewa vizuri. Kuku, chapati, chai ya maziwa mengi. Mama yake Wawira nilimsalimia kutoka mbali kama inavyotakikana. Wasiojua: huku kwetu na huko Embu pia, mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Humkaribii, humgusi, mkikutana kwa njia nyembamba wewe ndio unaingia kwa majani. Mimi nilikaa kona ile nyingine kabisa. Hadi hapo nilikuwa mkwe wa kuonyesha watu.

Halafu kaka yake Wawira, anaitwa Nyaga, akasema anapiga boxing na vijana wa pale center.

Nikamwangalia. Kijana mwembamba, miguu ya kuku wa kienyeji.

Wakuu, nilicheka. Nikasema mbele ya watu wote kwamba boxing ni mchezo ya watu wamekosa kazi ya nguvu. Nikasema ngumi yangu moja ya kulia ikimpata atalala mpaka wavune mahindi.

Hakuna mtu alicheka na mimi. Baba yake, Mzee Njagi, mwalimu aliyestaafu, mtu wa maneno machache, aliweka kikombe chini pole pole.

"Mdomo tumeuona," akasema. "Sasa tuone kama unaweza kusimama."

Nyaga akasema wana friendly pale uwanjani siku ya pili baada ya Krismasi, watu wakiwa wamerudi nyumbani. Raundi tatu, helmet kichwani, hakuna ubaya. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Wawira akinisindikiza hadi barabarani alikuwa amenuna. "Mutwiri, baba hajakubali bado. Anasema wewe ni kelele tupu. Ukienda huko ukafanya ujinga, hakuna January."

Ningerudi ndani nikaombe msamaha. Lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia, na mimi ni mtu wa kufuata mdomo wangu.

Nikatafuta coach.

Nikaonyeshwa fundi wa nguo. Ndio, fundi wa nguo. Anaitwa Ireri, mtu wa Gachoka kule Mbeere, alikuja Kaaga kwa sababu shule ni nyingi na kila shule ina uniform. Zamani alipigana amateur. Ni mfupi, ana hamsini na kitu, tape measure haitoki shingoni na muguka, ile miraa ya majani ya kwao, haitoki shavuni. Gym yake ni chumba nyuma ya cherehani. Bag yake ni gunia limejazwa vipande vya sweta za shule.

Nilisema moyoni, mimi mtu wa miraa kufundishwa na mtu wa muguka, dunia imeisha.

Siku ya kwanza akaniambia nipige lile gunia. Nikalipiga mkono wa kulia, likaenda likagonga ukuta, vumbi ikashuka. Nikageuka nikingoja sifa.

Akakuja karibu, akaweka kidole kimoja kwa bega langu, akasukuma.

Nilikaa chini na makalio. Kidole kimoja, wakuu! Kile anachovalisha kikofia cha chuma akisukuma sindano.

"Ngumi uko nayo," akasema. "Lakini bado umebeba kikapu."

Akanieleza. Mtu akikua akibeba kikapu ya majani mgongoni, anazoea kuinama mbele ndio uzito wa nyuma usimvute. Kikapu kikitoka, yeye anabaki ameinama. Akirusha ngumi, mwili wote unakimbilia mbele na hakuna kitu nyuma cha kuushika.

"Nyinyi wa majani nawajua hata nikipima suruali," akasema. "Nyuma inakuwa fupi."

Halafu akakaa kwa cherehani, akaweka kitambaa chini ya sindano. Akaniuliza ni nini inashona. Nikasema mkono. Akatoa miguu kwa pedali, akaniambia basi nishone. Nikasukuma kitambaa, nikasukuma. Sindano ikaniangalia tu.

"Mkono unaelekeza," akasema. "Miguu ndio inashona."

Ngumi pia, kulingana na yeye, inaanzia kisigino cha nyuma, inapanda goti, kiuno kinazunguka, bega linafuata, mkono unafika mwisho kama mgeni. Uzito unabaki katikati ya miguu. Na sheria yake kubwa, alinirudia mpaka nikachoka: pua isipite goti la mbele. Pua ikipita goti, wewe si bondia tena, wewe ni mzigo.

Maneno matamu sana. Yaliingia sikio hili yakatoka lile.

Kwa sababu kilichofuata kilikuwa upuzi mtupu, hivyo ndio niliona. Alichukua uzi mnene wa kushona magunia akanifunga mguu kwa mguu, upana wa mabega, amepima na tape. Nikaambiwa nitembee. Uzi ukikatika, nimekosea. Uzi ukilegea, nimekosea. Wiki tatu! Sijarusha hata ngumi moja. Nimekuja kujifunza kupiga mtu, natembezwa nimefungwa miguu kama kuku wa soko, na mama za kuletea watoto sweta wanachungulia wakicheka.

Wiki ya nne nilikata uzi na meno nikaenda zangu. Nikamwambia asante, mimi sijakuja kwa dansi.

Aliendelea kushona. Alikuwa na vifungo mdomoni.

Basi nikajifundisha mwenyewe pale store. Kila jioni kabla ya kufunga napiga yale magunia ya chakula ya ng'ombe, dairy meal. Nayapiga mpaka mzee wa watu mwenye duka akaanza kuuliza panya wamekuwaje siku hizi. Nikajiona nimeiva.

Sasa skizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilijizika. Gunia la dairy meal halisongi. Unalipiga, unalilalia, linakushika. Wiki nne nzima nilikuwa nafundisha mwili wangu kwamba mbele ya ngumi kuna mtu wa kunipokea.

Siku ikafika.

Ring ilikuwa nguzo nne za mti na kamba ya manila imezungushwa, chini wametandika turubai. Kamba ilikuwa imelegea kidogo. Watu walijaa, si mnajua Krismasi kila mtu yuko nyumbani akitafuta kitu ya kuona. Wazee wamewekewa viti vya plastiki mstari wa mbele. Mzee Njagi katikati. Upande wa kona yangu, karibu na kamba, wamama wa kanisa na thermos zao. Mama Wawira akiwa mmoja wao, kitambaa cheupe kichwani.

Nilimwona. Nikajiambia nisimwangalie, ni heshima.

Kengele ikagongwa, kipande cha reli na jiwe. Nyaga akaanza kunizunguka. Ananigusa jab kwa helmet, tap, anatoka. Tap, anatoka. Hanipigi, ananibishia hodi. Nikirusha, hayupo. Vijana wakaanza, "Mmeru, rudi kwa miraa!" Mwingine akauliza kama natafuta simu imeanguka, vile nilivyokuwa nimeinama.

Hasira za kwetu mnazijua. Hazina breki.

Nikajikusanya. Nikarudisha mkono wa kulia nyuma mpaka nafikiri ulionekana Meru. Nikarusha na kila kitu nilichokuwa nacho, na magunia yote niliyowahi kubeba.

Nyaga alirudi nyuma hatua moja. Ndogo tu, ya mtu anayepisha mama aliyebeba maji.

Ngumi ikaenda. Bega likaifuata. Kifua kikafuata bega. Niliona pua yangu ikipita goti, naapa niliiona, na nikakumbuka Ireri na vifungo vyake. Mwili wangu ukatafuta gunia la kulalia. Gunia lilikuwa limesonga.

Nikapita katikati ya kamba, kichwa kwanza, nikatua mapajani mwa mama Wawira.

Woi!

Kiti kikavunjika mguu. Tukaenda chini sisi wote wawili, glovu moja imeingia kwa thermos. Mama hakuumia, Mungu ni mkubwa, lakini kitambaa chake cheupe kilikuwa kwa helmet yangu.

Hata yule MC aliyekuwa akipiga kelele tangu asubuhi alizima mic. Halafu mtoto fulani akacheka, na baada ya huyo kila mtu akacheka isipokuwa wazee. Wazee walisimama.

Nikamtafuta Wawira kwa macho. Alikuwa amejifunika uso na leso. Hakukuja. Wakuu, heri Nyaga angenipiga. Aibu ya kupigwa inaisha, hii inaniuma mpaka leo nikiandika.

Na mjue Nyaga hakunipiga ngumi hata moja ya maana. Nilijiangusha mwenyewe.

Wazee wakakaa kando kuamua faini. Shida ni kwamba hakuna aliyejua faini ni gani, kwa sababu hakuna mjinga aliyewahi kufanya hivyo. Mmoja akasema mbuzi. Mwingine akasema si mbuzi, kichwa kilitangulia, hiyo ni kondoo dume. Wa tatu akauliza kama mkono ukiwa ndani ya glovu unahesabiwa umegusa. Waliijadili hiyo ya glovu kwa muda mrefu, na mimi nimesimama hapo na bukta.

Wakaamua kondoo dume mnono na blanketi ya mama. Ruracio ya January ikafutwa mpaka hapo Mzee Njagi atakapotaka.

Yeye aliniambia maneno mawili tu. "Nilitaka kuona kama unaweza kusimama. Nimeona."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliimba hiyo shuleni. Mimi guu halikuvunjika. La kiti ndio lilivunjika.

Nilirudi kwa Ireri. Nilitarajia anicheke. Video alikuwa ameiona, Kaaga yote ilikuwa imeiona. Alichomoa uzi kwa rili, akapiga magoti, akasema, "Leta miguu."

Safari hii sikukata. January, February, March. Nikatembea na uzi mpaka nikaanza kutembea hivyo hivyo hata bila kufungwa. Nikirusha ngumi inaenda na inarudi, mimi nabaki nyumbani. Ireri ananisukuma na kidole, halafu na mkono, halafu na bega, sianguki. Na cha kushangaza, gunia la sweta likaanza kulia vibaya kuliko zamani, na situmii hata nusu ya nguvu. Ireri akakohoa tu, akaendelea kutafuna muguka. Kwake hiyo ni sifa.

April nikapeleka kondoo na ile blanketi Karurumo.

Mvua ilikuwa imenyesha. Mnajua ule udongo mwekundu wa huko, na boma lao liko chini ya mteremko. Mzee Njagi yuko kwa mlango na wazee wawili. Nyaga kwa ua. Wawira dirishani. Mama Wawira verandani, na amesimama nyuma kabisa, nyuma kuliko mila inavyodai.

Nikashika kamba, nikaanza kushuka. Katikati ya mteremko huyo kondoo aliona boma, sijui alipenda nini, akachomoka. Mbio. Kamba ikanivuta mkono wa kulia, bega likafuata, na mbele yangu moja kwa moja, nani? Mama mkwe.

Nikasikia watu wamevuta pumzi.

Nikasikia pua ikikaribia goti. Nikashusha makalio, nikazika kisigino cha nyuma kwa matope, kiuno kikazunguka chenyewe. Kamba ikakazika. Kondoo akafika mwisho wa kamba, akageuka hewani, akakaa chini akiniangalia.

Nilikuwa nimesimama. Miguu upana wa mabega, ungeweza kupima.

Mzee Njagi hakuniangalia uso, aliangalia miguu yangu, akaiangalia sana. Halafu akamgeukia Nyaga.

"Mletee mkwe wetu kiti."

Mkwe! Nilitaka kulia, na nilikuwa na kondoo.

Nyaga akaleta kiti, akauliza akiweke wapi. Mama Wawira akajibu kutoka verandani, neno la kwanza tangu Krismasi:

"Mbali."

Tulicheka mpaka wazee wakacheka. Ruracio ni August.

Funzo wakuu ni hili. Nguvu si mkono, nguvu ni pale umekanyaga. Na ukipata mtu wa kukufunga uzi kwa miguu, usiukate na meno kwa sababu umechoka kuchekwa na wateja wa sweta. Utachekwa na kijiji kizima.

Na wewe uliye hapo mbele ya kioo ukirusha ngumi huku ukisoma, angalia pua yako iko wapi.

Haya, semeni yenu, hasa wenye wameshawahi kuaibika kwa wakwe, nisikie niko peke yangu au tuko wengi. Matusi pia leteni. Sasa naweza kusimama.