Ukishindwa Kusalimia, Tembea

Asubuhi ya kwanza niliyokimbia nikiwa mtu mzima, nilibebwa na lori la maziwa, nimeketi katikati ya mikebe, tumbo limefungwa karatasi nyeusi ya sileji.

Najua mnacheka. Chekeni tu. Mimi siku hiyo sikucheka wala sikulia, maana wakati huo sikuwa nasikia chochote moyoni.

Naitwa Ngendo. Nina duka la agrovet hapa Mweiga, nauza dawa za ng'ombe, mbegu na chumvi ya mifugo. Mwaka jana mwezi wa pili nilikuwa na miaka thelathini na tisa na kilo mia moja na tisa.

Mama yetu alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Presha. Alianguka pale pale dukani, kutoka kwenye kiti alichokalia miaka yote akiuza.

Tulimzika Ijumaa. Jumatatu nikafungua duka, nikakaa kwenye kile kiti.

Watu walisema mimi ni mtu wa nguvu. Nguvu gani? Nilikuwa nimekufa ganzi tu. Nilikula bila kusikia ladha, na kwa kuwa sikusikia ladha, sikujua mahali pa kuachia.

Nilibaki na mtu mmoja duniani, mdogo wangu Wamae, mwalimu kule Endarasha. Na figo zake zilikuwa zimekataa kazi. Mara mbili kwa wiki alishuka Nyeri kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, akalala hapo saa nne nzima.

Nikasema nitampa figo moja. Hata niliposema hivyo sikusikia kitu moyoni. Ilikuwa kama kumwazima jirani jembe.

Daktari akanipima, akapima tena, akaweka kalamu chini. Akasema kwa uzito huu na presha hii hawezi kunipasua. Nishuke hadi kilo themanini na nane, presha itulie, ndipo nirudi tuzungumze. Wamae alikuwa ameketi kando yangu, anatazama viatu vyake.

Sasa ile sileji.

Hiyo karatasi naiuza mimi mwenyewe. Mkulima anakatakata mahindi mabichi, anayashindilia, anayafunika kwa karatasi nyeusi ya plastiki yageuke chakula cha ng'ombe, na huko ndani joto linapanda. Nikajiambia, kama inapika mahindi ya ekari mbili, itashindwa na mafuta ya Ngendo?

Nikajizungushia mara tatu tumboni. Juu yake sweta, juu ya sweta jaketi. Miguuni nikavaa viatu vya kanisani, vile vya chini, kwa sababu sikuwa na vingine visivyo gamubuti.

Saa kumi na mbili na nusu nikatoka mbio kama mtoto wa darasa la sita siku ya michezo.

Sikufika hata kwenye josho la ng'ombe. Kifua kiliwaka, macho yakaingia giza, nikajikuta nimeketi mtaroni miguu imetazama barabara.

Mtu wa Mweiga akikimbia saa hiyo ana sababu moja tu, amechelewa na maziwa. Na dereva wa maziwa mwenye utu hampiti mtu anayekimbia, kwa sababu maziwa yakiachwa yanaharibika na mwenyewe anabaki akiyatazama. Kwa hivyo Dedan, dereva wa lori, aliponiona kwenye kioo chake alifunga breki akangoja. Akangoja. Alipoona sifiki, akashuka kunitafuta.

"Mama agrovet, maziwa yako iko wapi?"

Nikatikisa kichwa.

"Sasa unakimbilia nini?"

Sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Yeye na utingo wake wakanipandisha, wakanipeleka zahanati. Muuguzi wa pale anaitwa Nekoye, mtu wa Bungoma, mama mpole asiyeharakisha maneno. Aliikata ile karatasi kwa makasi bila kucheka hata kidogo. Akanipa maji. Akapima presha, akangoja, akapima tena, na ndipo akaketi.

"Dada, yenye imetoka ni jasho. Ukikunywa maji inarudi. Mafuta haijaguswa. Ungekufa na joto leo na uzikwe na mafuta yako yote."

Nikamweleza habari ya Wamae. Akanipangia kazi. Wiki mbili za kwanza nitembee tu, dakika ishirini, siku nne kwa wiki, na siku za kupumzika nipumzike kweli. Wiki ya tatu nikimbie dakika moja, nitembee mbili, nirudie hivyo mara sita basi. Mteremko nitembee, kwa ajili ya magoti. Nitafute raba zenye soli nzuri sokoni kwa mitumba. Kifua kikiuma au kichwa kikizunguka, nisimame hapo hapo na nije kwake. Na kila Ijumaa nipimwe presha.

Nikamuuliza nitajuaje kwamba nimekwenda mbio kupita kiasi.

"Huku kwenu hamwezi pita mtu bila kumsalimia," akasema. "Basi hiyo ndio kipimo yako. Ukikutana na mtu, msalimie vizuri, umuulize mpaka ng'ombe wake wako aje. Ukishindwa kusalimia, tembea."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Raba za rangi ya chungwa, sketi juu ya suruali ya michezo, kofia ya sufu kwa sababu ya baridi ya milima ya Aberdare.

Wiki ya tatu nilipoanza zile dakika moja moja, Wamucii wa stendi ya maziwa aliweka mkebe chini akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, nafanya mazoezi. Hakuamini. Alimpigia simu jirani yangu kuhakikisha.

Dedan naye alishindwa kabisa kuzoea. Alijua sina maziwa, na bado kila akiniona kwenye kioo mguu wake ulienda kwenye breki wenyewe. Lori linapunguza, ananitazama, nampungia aende. Siku za kwanza nilikuwa naweza kutoa "habari" tu, "ya asubuhi" inabaki kifuani. Basi natembea. Kufikia mwezi wa sita namuuliza habari ya mke wake, ya watoto wake wote watatu, na ya ng'ombe, na bado naendelea.

Msidhani ilikwenda vizuri moja kwa moja. Mwezi wa nne nilishikwa na tamaa ya kushuka haraka, nikaruka siku za kupumzika, mfupa wa mbele wa mguu ukauma hadi nikashindwa kusimama dukani. Nekoye akaniweka chini siku kumi na mbili. Nikaanza tena na dakika moja.

Wamae alinipigia kila Ijumaa jioni. Kilo ngapi. Presha ngapi. Umekula nini. Alikuwa mkali kuliko walimu wote walionifunza, na akijua nimekimbia siku ya kupumzika ananigombeza kwanza ndipo anisalimie.

Mara moja aliuliza kama bado nakalia kile kiti cha mama. Nikasema ndiyo. Akaniambia nikitoe dukani. Nilikitoa, nikakiweka stoo, wala sikumuuliza sababu.

Kilo zilishuka. Mia moja na mbili. Tisini na saba. Tisini na moja. Wateja wakanipongeza na mimi nikawashukuru, lakini ilikuwa kama wanapongeza mtu aliyesimama nyuma yangu. Nilikimbia nikiwa na ganzi, nikapika nikiwa na ganzi, nikasali nikiwa na ganzi. Nilijua jambo moja tu, kwamba nikifika themanini na nane, Wamae ataishi.

Januari mwaka huu nikafika.

Nilishuka Nyeri peke yangu, nimevaa rinda jipya. Daktari yule yule akanipima. Presha nzuri, kilo themanini na nane kamili. Akafungua faili ya Wamae, akasoma, akanitazama.

"Kwani Wamae hakukuambia?"

Akanieleza taratibu. Mwezi wa nne mwaka uliopita walimpima moyo wakakuta ni dhaifu, hauwezi kustahimili upasuaji wa kuwekewa figo. Ya mtu yeyote. Mambo ya figo yangu yaliisha siku hiyo. Na Wamae aliomba aniambie mwenyewe, kwa sababu mimi ni dada yake.

Mwezi wa nne. Mimi wakati huo nilikuwa nimelala na mguu uliovimba, nahesabu siku za kurudi barabarani kwa ajili yake.

Nikatembea hadi chumba cha mashine. Alikuwa amelala, mrija umeingia mkononi. Aliponiona uso, alijua.

"Tangu mwezi wa nne," nikamwambia.

"Ee."

"Umeniacha nikimbie miezi tisa bure."

"Si bure." Alizungumza polepole, alikuwa amechoka. "Ngendo, ulikuwa umekaa kwa kiti ya mama na presha ya mama. Nilikuwa nakuona tu ukiingoja ikuangushe pia. Ningekuambia figo yako haitakikani, ungekimbia?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka sana.

"Hapana," nikasema.

"Basi."

Nilikasirika. Nilimwita mwongo mbele ya wagonjwa wote wa kile chumba, nikamwambia amenichezea, nikamwambia mama angemkana. Kisha nikaanza kulia, na sikuwa nimelia tangu nione jeneza la mama likishuka. Wamae akanishika ukingo wa mkono wa rinda kwa mkono wake uliokuwa huru.

Pale ndipo nilipojua kwamba ganzi imeniisha. Na iliuma. Iliuma kuliko magoti, kuliko mguu, kuliko kile kifua cha siku ya sileji.

Wiki nzima sikumpigia simu. Ijumaa ya pili nikampigia mimi, nikamwambia themanini na saba. Akacheka hadi akakohoa.

Tulipata miezi minne mingine. Nilienda naye Nyeri kila mara, nikakaa kando ya ile mashine saa zake zote nne. Tuliongea mambo ya mama ambayo hatukuwa tumeyaongea. Mwezi wa tano, siku ya Jumatano asubuhi, moyo wake ulisimama.

Tulimzika Endarasha. Wanafunzi wake walikuja wote na sare zao.

Siku ya tatu baada ya mazishi niliamka, nikavaa raba. Sikuwa na mtu wa kumkimbilia tena. Miguu ilijua njia, nikaiacha iende.

Karibu na josho nikasikia lori likipunguza. Dedan akatoa kichwa dirishani.

"Mama agrovet, habari ya asubuhi?"

Nikafungua mdomo. Pumzi ilikuwepo tele, nilikuwa sijakimbia hata dakika tatu. Sauti ndiyo iliyokataa. Hata ile "nzuri" ya uongo haikutoka.

Nikakumbuka kipimo. Nikatembea.

Dedan hakuuliza tena. Aliendesha lori nyuma yangu gia ya kwanza, polepole, hadi stendi ya maziwa. Akina mama walikuwa wamesimama na mikebe yao, wamecheleweshwa, na hakuna aliyelalamika.

Sasa wewe uliyesoma hadi hapa ukiwa na mwili kama ule niliokuwa nao. Pima presha kwanza. Tembea wiki mbili kabla ya kukimbia, na siku ya kupumzika upumzike kweli. Sileji waachie ng'ombe. Na kama kuna mtu wako anakufuatilia kila wiki kwa ukali usioelewa, muulize ana nini. Muulize mapema, akiwa bado anaweza kukujibu.

Leo asubuhi nilimsalimia Dedan vizuri. Nikamuuliza mpaka habari ya ng'ombe.