Ukiitambua Sauti, Vua

Kanuni yenyewe ilikuwa fupi: ukiitambua sauti, vua hedifoni. Hakuna kungoja sentensi iishe, hakuna kujiuliza kama kweli ni yeye. Unavua, unainuka, unakwenda kumwambia Profesa, msimamizi wa utafiti. Mwanamke aliyekuwa mkubwa wa wanukuzi ndiye aliyemfundisha kanuni hiyo kila aliyeajiriwa, na aliifundisha kwa uso mkavu hata vijana wakampachika jina la Bi Kanuni. Jina alilijua. Hakulikataa, kwa kuwa aliona kuna majina mabaya zaidi ambayo watu huyatafuta kwa mikono yao wenyewe.

Mahali pa kazi paliitwa maabara ya saikolojia ya afya, ghorofa ya juu ya jengo kongwe la chuo kikuu. Mlinzi wa mlangoni hakuchoka kutania.

"Maabara gani hii, mama, haina hata chupa moja? Mnachemsha nini huko juu?"

"Maneno," alimjibu.

"Basi yakiiva mtushushie na sisi bakuli."

Na kweli, hapakuwa na chupa. Palikuwa na vyumba vidogo vya mahojiano, kila kimoja na viti viwili vilivyowekwa mshazari ili watu wasikodoleane macho, jagi la maji, karatasi laini za kufutia machozi, na kinasa sauti mezani. Humo waliingia wagonjwa wa presha kueleza yale wasiyomwambia daktari: kwa nini vidonge vinalala kwenye droo wakati wanajua hatari yake. Mmoja aliviacha kwa sababu mkewe alimcheka. Mwingine alisema kila akimeza kidonge asubuhi huona amekubali uzee. Mhoji hakumkemea mtu. Aliuliza, akasikiliza, akashukuru.

Baadaye sauti zile ziliingia chumba cha wanukuzi zikiwa na namba mahali pa jina. Wanukuzi walivaa hedifoni, wakaandika kila neno lililosemwa, na si maneno tu. Waliandika pia mtu alipocheka, alipovuta pumzi, aliponyamaza. Chini ya meza kila mmoja alikuwa na pedali. Ukiikanyaga, sauti inaongea. Ukiinua mguu, inakaa kimya. Ukikanyaga tena, inarudi nyuma kidogo ili neno lisikupotee.

Siku moja Bi Kanuni alianza kazi mapema kama kawaida yake. Mhoji aliuliza swali ambalo huulizwa wote: nyumbani kuna nani wa kukukumbusha dawa? Kabla ya jibu ukapita mguno mdogo puani, kama wa mtu anayelipima neno kwanza asije akalitema bovu. Mguu wake ukajiinua wenyewe. Akaikanyaga tena pedali, kwa mazoea ya kazi, na mguno ukarudi. Kisha sauti ya mwanamke ikasema:

"Nipo na binti yangu. Ninaye na mdogo wangu, ila hatuonani. Huyo angenikumbusha hata kwa fimbo. Akija leo kubisha hodi, mimi..."

Alivua.

Alikaa na hedifoni mkononi, na ndani yake dada yake aliendelea kusema kwa sauti nyembamba kama ya mdudu ndani ya kiberiti, maana mguu ulikuwa bado umeganda juu ya pedali. Aliuinua mguu. Chumba kikanyamaza.

Ili mtu aelewe maana ya hayo, lazima ajue ya nyuma. Walizaliwa wawili tu. Mkubwa ndiye aliyemsuka mdogo nywele, akamfundisha kusoma, akamfanyia ubabe pale alipostahili kufanyiwa. Mama yao alipougua, madaktari waliwaita wote wawili wakawaambia kwamba ugonjwa hauna dawa. Dada mkubwa akaamua mama aambiwe ni vidonda vya tumbo. "Mtu akijua anakufa, anaanza kufa siku hiyo hiyo," alisema. Mdogo alinyamaza mpaka alasiri moja mama mwenyewe alipomshika mkono na kumuuliza, "Mwanangu, nitapona?" Yeye hakuwahi kumdanganya mama yake, na hakuona sababu ya kuanza siku hiyo. Akamwambia. Mama akashukuru, akageukia ukutani, na kuanzia hapo hakutaka tena kula. Baada ya maziko dada mkubwa alimsimamisha mdogo wake mbele ya watu.

"Ulimi wako ndio uliomzika mama. Usikanyage kwangu mpaka nikuite mwenyewe."

Hakumwita. Waliishi katika mji mmoja. Watoto wa mdogo walikua, wakaoa na kuolewa, na kwenye kila sherehe palibaki pengo ambalo wageni walipewa sababu yake kwa mafumbo. Mdogo alimtamani dada yake kama mtu anavyotamani maji akiwa na homa, usiku na mchana, bila kushiba na kitu kingine. Kila simu ilipolia, kabla ya kuitazama, alikuwa ameshamtarajia.

Profesa, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Umefanya sawa," alisema. "Sauti hiyo atainukuu Kasuku. Wewe hukuisikia."

"Niliisikia, Profesa."

"Najua. Sasa nisikilize, mama. Huyu mshiriki anarudi kwa mahojiano ya pili miezi michache ijayo. Tunataka kujua nini kimebadilika kwake. Ukimwendea sasa hivi, tutakuwa sisi ndio tuliombadilisha. Na akikuuliza umejuaje kuwa anakutaja, utasema nini? Alizungumza akiwa ametuamini kwamba halitatoka."

"Sitamwendea."

"Mpaka amalize ya pili. Baada ya hapo ni la kwenu."

Bi Kanuni alishukuru, akatoka. Hakulia. Kwenye ngazi alisimama kidogo akishika ukuta, mlinzi akadhani anatafuta kiatu.

Kasuku alikuwa mnukuzi aliyekaa mkabala naye, kijana wa watu mwenye mdomo usiopumzika. Ndiyo maana akaitwa hivyo. Aliweza kuiga sauti ya mkuu wa chuo, ya mhasibu na ya lifti mbovu. Asubuhi iliyofuata aliipokea ile namba, akavaa hedifoni, akaanza. Bi Kanuni alikuwa na kazi yake mbele lakini macho hayakumtii. Aliviona vidole vya Kasuku vikikimbia juu ya vitufe, vikipungua mwendo, vikisimama. Alimwona akirudisha nyuma, akisikiliza tena. Akamwona akivua miwani na kuifuta kwa shati, halafu akiivaa bila kumtazama yeyote. Siku nzima hakuiga sauti ya mtu.

Wakati wa chai Bi Kanuni alimfuata kwenye birika.

"Ulinukuu vizuri?"

"Vizuri, dada."

"Palikuwa na vimya virefu?"

Kasuku akaacha kukoroga. "Dada, wewe ndiye uliyenifundisha. Siku ya kwanza uliniambia, mnukuzi ana masikio mawili na hana kinywa. Nilicheka, ukanikata jicho nikanyamaza wiki nzima. Usinifanye leo niwe kasuku kweli."

"Nimeuliza vimya tu."

"Vimya navyo ni vyake."

Alisema kweli, na Bi Kanuni alijua amesema kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akaona aibu mbele ya kijana aliyemlea kikazi. Akaomba radhi, na Kasuku akamwekea sukari zaidi ya aliyoizoea, kama kwamba ndiyo dawa.

Nyumbani mumewe, fundi wa saa na redio, alimwona anakula bila kujua anakula nini. Mkewe alimwambia tu kwamba kazini amekutana na jambo linalomgusa dada yake, na kwamba haruhusiwi kulisema.

"Basi nenda kwake. Kubisha hodi si wizi."

"Nitasema nimekuja kwa nini?"

"Sema umemkumbuka. Uongo uko wapi hapo? Mimi mwenyewe nasikia jina lake humu ndani kuliko langu."

"Nimemkumbuka miaka yote na sikwenda. Nikienda leo, si kumkumbuka kulikonipeleka. Ni kile nilichosikia."

"Mama watoto, hata sheria ina likizo."

"Ikiwa na likizo si sheria, ni desturi ya wavivu."

Mzee akarudi kwenye saa yake akicheka kidogo. Alikuwa amemwoa hivyo hivyo, na hakudai kurudishiwa mahari.

Wako watakaosema mwanamke huyu alikuwa na moyo wa jiwe. Siku hizi siri ya mtu imekuwa kama mvua, kila mwenye ndoo anakinga, na anayekataa kukinga huonekana ana kiburi. Lakini wale waliokaa kwenye vile viti vya mshazari walisema waliyoyasema kwa sababu waliahidiwa, na ahadi inayotunzwa kwa wageni tu, ikavunjwa kwa ndugu, haijatunzwa. Bi Kanuni aliamini hivyo. Hata hivyo imani haikumpunguzia kitu. Alipolala aliimalizia ile sentensi kwa namna zote. Akija leo kubisha hodi, mimi nitamfungulia. Akija leo kubisha hodi, mimi nitamfukuza. Kila namna aliisikia kwa sauti halisi ya dada yake, na kila asubuhi hakujua ni ipi. Mara mbili alishuka kwenye basi mtaani kwa dada yake, akatembea mpaka kwenye duka la kona, akaona nguo zimeanikwa kwenye roshani, khanga na shuka, akazitazama kama mtu anayesoma. Kisha akageuza. Akaanza hata kupenda kungoja kwenyewe, kwa sababu sasa kulikuwa na mwisho. Alinunua kitambaa cha rangi ya zambarau ambayo dada yake aliipenda ujanani, akakiweka kabatini kwa siku atakayoruhusiwa kumwendea.

Siku ile ilipokaribia, simu ililia mchana akiwa kazini. Alikuwa shangazi yao, mdogo wa mwisho wa baba.

"Mwanangu, umeketi?"

"Nimeketi, shangazi."

"Dada yako ameanguka. Presha. Upande mzima umekufa, na maneno yamekwenda. Yu hai, lakini hasemi. Binti yake hakutaka niwaambie watu, ila na mimi nimezeeka, siwezi kubeba peke yangu."

Habari hii ilikuja kwa njia ya ukoo, haikupita maabara. Alichukua mkoba wake akatoka bila hata kuzima kompyuta, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Mlango ulifunguliwa na mpwa wake, msichana mkubwa sasa, mwenye paji la uso la bibi yake.

"Mama mdogo?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Shikamoo. Karibu. Ungekuja mwezi uliopita angekupokea kwa kelele."

Hakumwuliza ni kelele za namna gani. Aliingia. Dada yake alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umelala juu ya shuka kama kitu alichoazimwa. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yake. Yalimwangalia mdogo wake, yakaendelea kumwangalia, na machozi yakatoka.

"Dada," alisema, akapiga magoti. "Dada yangu, nimekuja bila kuitwa. Nifukuze ukitaka."

Kinywa kilijaribu. Kikafunguka, kikafanya kazi kubwa, kikatoa hewa. Kikajaribu tena. Kisha dada mkubwa akafumba macho na kugeuza shingo.

"Amechoka," mpwa alisema kwa upole. "Na usiyahesabu machozi, mama mdogo. Daktari anasema ni ugonjwa. Siku hizi analia hata mlango ukigongwa."

Kwa hiyo hata jibu hilo la machozi hakulipata.

Aliporudi kazini Kasuku alimngoja kwenye ukumbi, mbali na mlango wa Profesa. Mshiriki alikuwa ameshaondolewa kwenye utafiti kwa ugonjwa, na maandishi ya mahojiano yake hayatatumika.

"Dada, nimefikiri sana. Nitakuambia alichosema. Wakinifukuza, wanifukuze. Nitakwenda kuiga watu redioni."

Alimwangalia kijana huyu aliyekuwa tayari kutupa kazi kwa ajili yake, na alitaka. Alitaka mpaka meno yakamuuma.

"Usiniambie," alisema. "Aliyesema yu hai. Akitaka nijue, ataniambia."

"Hawezi, dada. Unajua hawezi."

"Basi sitajua."

Kasuku alilia yeye, hadharani, mwanamume mzima. Bi Kanuni alimpa karatasi laini kutoka chumba cha mahojiano, kisha akaenda kukaa mezani.

Tangu hapo kila alasiri alikwenda kwa dada yake. Alimwogesha, alimsuka, alimpa vidonge kwa wakati wake, alimweleza habari za watoto na wajukuu, na siku nyingine alihisi vidole vya mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, vikimbana, siku nyingine havikumbana. Dada yake hakusema neno tena mpaka alipofariki. Kanuni ile mdogo aliishika tangu mwanzo hadi mwisho, na ilimgharimu kila neno ambalo dada yake angeweza kumwambia akiwa bado na sauti.