Ndala ya Kushoto

Tarehe tisa mwezi wa pili, adhana ya alfajiri ikiwa imekwisha muda si mrefu, mume wangu alifariki nyumbani kwetu Tegeta. Hakufia baharini. Nalisema hili mwanzo kwa sababu wengi waliokuja msibani walidhani maji ndiyo yaliyomchukua, na wapo waliozidi kusema hivyo hata baada ya kuambiwa. Ilikuwa presha. Aliamka, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniambia kichwa kinamgonga, akajilaza tena. Nilipotoka kuwaita majirani nilijikwaa kwenye ndala zake pale mlangoni, zote mbili.

Walidhani bahari kwa sababu kazi yake ilikuwa huko. Kwa miaka mingi alikodisha tyubu za magari ufukweni, zile nyeusi za malori, kwa watu wasiojua kuogelea. Alikuwa nazo kumi na moja, kila moja kaiandika namba kwa rangi nyeupe. Mie nilikaa hatua chache kutoka kwake na karai langu la mihogo ya kukaanga. Kwa hiyo kila alichowaambia wageni nilikisikia, na nilikisikia mara nyingi hata nikaweza kukisema chote huku nageuza mihogo.

Hakuwa mtu wa pwani. Alizaliwa Masasi, bahari aliiona akiwa mtu mzima. Wiki yake ya kwanza Dar alitembea peku juu ya mwamba maji yalipokupwa, akakanyaga wale wadudu weusi wenye miiba, akakaa siku tatu mguu uko juu ya ndoo. Nafikiri ndiyo maana watu wa bara walimsikiliza. Hakuwafundisha mambo aliyozaliwa nayo. Aliwasimulia makosa yake.

Aliwaambia: usipande mwambani hata ukiona watoto wa hapa wanakimbia juu yake, wao wanajua pa kukanyaga. Usiingie majini na kitenge kiunoni, kikilowa kinakufunga miguu kama kuku wa sokoni. Kile kinachoelea kama mfuko wa nailoni si mfuko, ni kiwavi wa baharini. Kikikuwasha usijisugue na mchanga, njoo kwa mke wangu, ana siki. Ukipita mtaani kwenda kwenye gari jifunge kanga, kuna watu wanatoka msikitini. Salimia kwanza, picha baadaye. Simu usiifiche ndani ya kiatu, mwizi huanzia hapo kutafuta.

Na kubwa kuliko yote: ukiwa ndani ya maji, tazama yaliyo nyuma yako. Kwetu maji yakipwa, fungu la mchanga linatokeza kule mbele na mtu anaweza kulifikia kwa miguu, maji ya magotini. Yanapojaa, hayaanzi kwenye fungu. Yanaanza kwenye mkondo ulio kati ya fungu na ufukwe. Mtu kasimama pakavu anaokota simbi na makombe, anafurahi, kumbe njia ya kurudi imeshakuwa kina.

Akishamaliza yote hayo alinyoosha mkono na kusema, "Ndala ya kushoto."

Kila anayeingia majini alimwachia ndala yake ya kushoto, awe kachukua tyubu au anashirikiana na mwenzake. Alizipanga mstari juu ya gunia, ya kwanza ikiwa ya kwake mwenyewe. Ukitoka unaichukua. Wateja walimtania kila wiki.

"Mzee, nyumbani kuna mtu wa mguu mmoja?"

"Miguu iko ya kutosha. Yote inakula sana."

"Mie kiatu changu orijino, siachi."

"Basi na maji yaache, nayo orijino."

Mie sikuupenda mtindo huo. Nilidhani anashika viatu ili watu wasimkimbie na tyubu, na niliona aibu, kama vile tunawaambia wageni wetu kwamba ni wezi. Siku moja nilimwambia achukue kitambulisho kimoja kwa kila kundi, inatosha. Akanijibu, "Kitambulisho kitanirudishia tyubu." Nilidhani amekubali. Nikakasirika kwamba amekubali na bado hafanyi. Sikuuliza zaidi, na yeye hakuwa mtu wa kueleza jambo mara mbili.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Mdogo wake mume wangu ndiye aliyeishika kazi ya ufukweni. Eda ilipokwisha, mwezi wa sita, nilirudi na karai langu. Nilimkuta shemeji anafanya vilevile kama kaka yake: maneno yaleyale, gunia lilelile, ndala zimepangwa.

Nikamwambia aache.

"Shem, braza alikuwa anachukua," akasema.

"Braza hayupo."

Nilisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo mawili. Sababu niliyompa ilikuwa kwamba wateja hawapendi. Sababu ya kweli ni kwamba sikuweza kuutazama ule mstari, na pale mbele, ilipokuwa inakaa ndala ya mume wangu, ipo ya mtu mwingine. Shemeji alikunja gunia. Tukaanza kuchukua vitambulisho, na wateja kweli walifurahi.

Wiki tatu baadaye ilikuwa Sabasaba. Siku hiyo mji mzima hutoka nyumbani. Wasiokwenda kwenye maonyesho wanakuja kwetu. Saa tano zilifika Noah mbili za familia moja kutoka Njombe, wamekuja kwa ndugu yao hapahapa Tegeta. Alikuwepo mama wa makamo ya bibi, amevaa sweta jua lote lile, binti zake wawili, mkwe wake, msichana aliyeolewa mwaka huo na mwanawe wa kiume, ambaye mwenyewe alibaki Njombe kazini, na watoto wengi. Yule mama alisimama akaitazama bahari muda mrefu.

"Shikamoo mama," nikamsalimia.

"Marahaba mwanangu. Hii inapiga kelele hivi mpaka saa ngapi?"

"Hailali, mama."

"Kama mashine ya kusaga," akasema, na akakaa chini ya kivuli akivua viatu. Walipovua na wengine, alivikusanya vyote kando yake na kuvifunika kwa kanga.

Walichukua tyubu tano. Shemeji aliwaeleza mambo yote: mwamba, kitenge, kiwavi, fungu na mkondo. Mie nilikuwa naitikia huku nakaanga. Walicheka sehemu ya kuku wa sokoni kama wote wanavyocheka. Mwisho wa maneno ukafika, pale penye ndala, na shemeji akanitazama. Nikageuza mihogo. Akachukua kitambulisho cha binti mkubwa.

Maji yalikuwa yamekupwa sana. Watoto na yule mkwe walikwenda mpaka kwenye fungu kwa miguu, tyubu wanaziburuta. Baadaye kidogo shemeji aliona maji yanageuka, akapiga filimbi. Wakaanza kurudi. Niliwaona wanakuja kwa makundi, wamechanganyika na watu wengine, wamelowa, wanapiga kelele. Tyubu moja, mbili, tatu. Ya nne na ya tano zikaja pamoja. Nilizihesabu mwenyewe. Nikawarudishia kitambulisho na nikajisikia nimefanya kazi vizuri.

Gari la kwanza likaondoka na watoto. Wale mabinti wawili wakawa wanakusanya mabakuli ili wapande la pili.

"Mama, panda. Foleni ya Tegeta itatukuta."

Yule mama alikuwa ameinua kanga yake. Chini yake zimebaki ndala za kijani, zina ua juu.

"Hizi za nani?"

"Za watoto hizo, mama. Zibebe tu."

"Mtoto gani ana mguu huu? Hizi nilimnunulia mwenyewe stendi ya Makambako. Za mkwe wangu. Yuko wapi?"

"Yuko gari la mbele."

"Peku?"

Binti mdogo alicheka, kisha akaacha kucheka. Akapiga simu gari la mbele. Tulisikia sauti ya kule kwa sababu aliweka spika: "Si yuko na nyie?" Halafu ikaja sauti ya mtoto, anasema mke wa mjomba kawaambia watangulie, anamwokotea bibi simbi, tyubu yake kampa mdogo aliyechoka.

Niligeuka nikatazama. Fungu lilikuwa limebaki dogo kama mkeka. Juu yake alisimama mtu, anapunga mikono yote miwili. Huenda alikuwa anaita tangu zamani. Mwezi huo unavuma upepo wa kusi, sauti yake ilikuwa inachukuliwa kwenda upande wa pili.

Hapo ndipo nilipomwelewa mume wangu. Tyubu zangu tano zilikuwa zimerudi zote, zimelala mchangani.

Shemeji alikimbilia tyubu. Alifunga tyubu mbili kwa kamba ndefu ya mume wangu, akaniachia mimi ncha moja, akaingia. Mie sijui kuogelea. Niliingia mpaka kifuani na kusimama hapo, nimeizungushia ile kamba mkononi mara mbili. Nyuma yangu, maji yakimfika magotini, alisimama yule mama na sweta lake na ndala za kijani mkononi. Yeye aliomba kwa lugha yao. Mie nilisoma dua nilizozijua. Binti zake walikuwa wanalia juu kwenye mchanga na watu wameanza kujaa.

Shemeji alipomfikia, maji yalikuwa yamempita kiunoni. Tuliona wanabishana. Baadaye aliniambia walikuwa wanabishana kuhusu kitenge: alikuwa amekifunga kiunoni na kukijaza simbi, na hataki kukiachia. Shemeji akakifungua kwa nguvu. Kikaenda na simbi zake. Akamwingiza kwenye tyubu, naye akaikumbatia kwa mikono miwili, na shemeji akapiga filimbi. Nikaanza kuvuta. Wanaume wawili waliokuwa wanacheza mpira wakaja wakashika kamba nyuma yangu. Mkondo ulikuwa unavuta kwa pembeni na kamba ilinichubua kiganja, alama ipo mpaka leo.

Alifika. Alitapika maji ya chumvi, akatetemeka, akamtazama mama mkwe wake kama mtoto aliyevunja sahani. Yule mama aliinama akaziweka ndala mbele ya miguu yake, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto.

"Vaa."

Akavaa.

"Nilikutuma simbi," akasema yule mama. "Sikukutuma uhamie."

Mkwe akacheka, kisha akalia, na yule mama akavua sweta akamvalisha na kumshika hivyo muda mrefu. Niliwapa chai. Kisha nilimweleza yule mama habari za ndala ya kushoto, na kwamba ingekuwa mume wangu yupo, mkwe wake angejulikana hayupo kabla gari la kwanza halijawashwa. Nikamwambia ni mie niliyekataza.

"Umekataza lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Basi rudisha," akasema, akanipa kikombe nimwongezee chai.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema nikalikung'uta gunia na kulitandika. Ndala za mume wangu bado ninazo, nguo zake ziligawiwa lakini ndala hakuna aliyezitaka. Nilikuwa nimekuja nazo. Nilifikiri kuiweka ya kushoto pale mbele. Kisha nikaona haifai, kwa sababu hiyo haina mtu atakayekuja kuichukua, na mstari ule lazima uishe. Nikazirudisha kwenye mfuko. Nikavua yangu ya kushoto na kuiweka ya kwanza. Shemeji akaweka yake ya pili.

Walikuja vijana wa Mikocheni, wanne, na raba nyeupe.

"Ndala ya kushoto," nikasema. "Au raba, yoyote mliyonayo, ya kushoto."

"Sista, unafungua duka la vilema?"

"Ndiyo. Ukichelewa kutoka utanunua yako."

Wakacheka wakaziacha. Wakaja na wengine. Mchana mstari ulifika mwisho wa gunia ukarudi. Nilikaanga mihogo mguu mmoja ukiwa peku mchangani, mchanga ni wa moto, na nikajua kwa nini mume wangu alikuwa anasimama kwa mguu mmoja kama korongo.

Alasiri walianza kutoka. Kila aliyetoka alikuja akatafuta yake, na mstari ukapungua, na nilikuwa nautazama bila kuumia kama nilivyodhani nitaumia. Zilibaki tatu. Msichana mmoja akaja mbio, akaichukua yake, akasema asante mama. Shemeji akavaa ya kwake, akaanza kuzifunga tyubu.

"Shem, zimeisha?"

Nikatazama gunia. Nikavaa yangu.

"Zimeisha," nikamwambia, na tukabeba tyubu kwenda nyumbani.