Kibuyu cha Mbegu cha Habuba

Sokoni Arua, wanawake wa Pajulu bado huuza maharage yakiwa na majivu yake. Ukiyachota kiganjani na kuyapuliza, vumbi la kijivu hukupanda puani pamoja na ukali wa pilipili kavu. Mimi husogea pembeni kidogo, nikajifanya naangalia nyanya. Ngoja niwaambie kwa nini.

Nyumbani kwetu Lobule, upande wa Koboko, maharage yalikuwa mali ya Habuba, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba. Hayakuwa haya mafupi ya siku hizi. Yalikuwa yanapanda. Habuba alisimika miti nyuma ya jiko, na mvua ikishakolea mashina yalijiviringisha juu mpaka yakampita Baba kimo, na Baba alikuwa askari, mrefu kuliko wanaume wote niliowajua. Punje zake zilikuwa za rangi ya damu ya mzee, zenye michirizi myeupe. Mimi na mdogo wangu Zaitun tulizilamba ili zing'ae.

Yakikauka, mbegu alichagua mwenyewe. Alitoa maganda ya chini, yale manene, akayapukuchua na kuyaanika mkekani, kisha akachanganya punje na majivu yaliyochekechwa na pilipili ili wadudu wasizitoboe. Akazimimina kibuyuni, akaziba mdomo kwa gunzi la mahindi, akaukandika kwa mavi ya ng'ombe na kukitundika juu ya moshi. Mama hakuruhusiwa kukigusa. Yeye alikuwa Mlugbara wa Pajulu, Habuba Mnubi wa kambi ya askari, na walichozungumza wawili hao ni Kiswahili cha jeshi, lugha ya kuazima kwa wote wawili. Labda ndiyo maana hawakuwa na maneno mengi.

Serikali ilipoanguka mwaka sabini na tisa, Baba hakurudi. Wapita njia walisema nyumba za askari ndizo zinazotafutwa. Tuliondoka asubuhi, chai ikiwa bado motoni. Mama alimfunga Zaitun mgongoni. Habuba alifunga kibuyu mgongoni kwake vivyo hivyo, kwa kitenge, nami nilitembea kati ya migongo hiyo miwili mpaka tukavuka mpaka.

Upande wa Kongo tulipokewa na mkulima mmoja, Mama Veronika, aliyetupa kibanda alichokuwa akilaza mbuzi na kipande cha shamba nyuma yake. Lakini mvua ilikuwa mbali. Tulikula kisamvu bila chumvi, tena kisamvu. Ndipo Zaitun akashikwa na surua. Mwili uliwaka moto, macho yakagandamana kwa tongo, midomo ikapasuka.

"Mama, toa hata kikombe moja tu," Mama alimsihi mkwewe. "Nipike supu yake."

Habuba alikuwa ameegemea ukuta, kibuyu mapajani. "Hii hapana chakula. Hii iko mbegu."

"Mtoto iko nakufa!"

"Mvua itakuja. Tukikula hii leo, huyu mwingine nitalisha na nini?"

Huyu mwingine nilikuwa mimi.

Zaitun alikufa mchana, siku ya soko. Waombolezaji wakiwa bado wamekaa, Mama alimgeukia Habuba akasema, "Basi, kaa na maharagi yako." Tangu hapo hakumwambia neno tena moja kwa moja. "Ambia bibi yako maji ya kuoga iko tayari," alinituma, Habuba akiwa amekaa palepale, anasikia.

Mvua ilikuja. Habuba alipanda peke yake, akakata miti peke yake, mgongo umepinda. Maharage yakapanda kana kwamba hayajui yamehamishwa nchi. Tulikula sisi, wakala watoto wa Mama Veronika, na wakimbizi wenzetu walipokuja kuomba mbegu Habuba aliwagawia.

"Habuba, hii maharagi ni ya mutu mwenye roho," Mama Veronika alimsifu siku moja. Habuba aliinamisha kichwa kama aliyetukanwa.

Mama alipika na kupakua, ila yeye hakuyaonja. Habuba naye alisema tumbo linamsumbua, akamimina fungu lake kwenye sahani yangu. Niliyala yote, nikashiba, na bado nilimchukia, kwa utiifu wote wa mtoto anayempenda mama yake.

Habuba alifia hukohuko Kongo. Mama na wanawake wengine wa Kiislamu ndio waliomwosha.

Tulirudi nyumbani. Niliolewa, nikahamia Arua, karibu na Ediofe, na miaka ya tisini ilipoanza binti yangu wa kwanza akapata surua. Mama alikuja kutoka Lobule kunisaidia. Nilikuwa najaribu kumnywesha mtoto uji wa dawa, nao unatiririka pembeni mwa mdomo, Mama aliposema nyuma yangu:

"Hata Zaitun ilikuwa hivi. Hata maji ilikuwa narudi."

Niliweka kijiko chini. "Kwa hiyo supu ya maharage asingeweza kuimeza?"

"Hapana."

"Na ulijua siku ile?"

"Nilijua."

Mtoto wangu alipona. Mimi ndiye niliyebaki na maneno yale. Utotoni niliamini kwamba katika kibanda kile alikuwamo mmoja aliyependa na mmoja mwenye moyo wa jiwe. Sasa nami nilikuwa nimekesha na mgonjwa, nikaelewa kwamba Mama alikuwa na mume asiyerudi, nchi iliyomfukuza na mtoto kaburini, na katika yote hayo ni Habuba tu aliyekuwa karibu kiasi cha kukasirikiwa. Na Habuba, aliyetulisha, aliishi miaka yake ya mwisho akidhani amemuua mjukuu wake.

Siku ambayo Mama alikuwa anarudi Lobule, nilimsindikiza mpaka barabarani. Gari likiwa linakaribia, nilimuuliza kama hakuwahi kumwambia Habuba.

"Nilimwambia," alisema. "Wakati naosha yeye. Niliinama, nikamwambia kwa sikio."