Mwenye Haraka Ana Msiba

Katika Mji wa Kale mtu mzima haendi mbio ila kwa mambo mawili: kumfukuza mtoto mtundu, au kupeleka habari ya kifo. Watoto wangu wamekuwa wakubwa zamani. Hilo nilipaswa kulifikiria kabla ya kununua viatu vya raba.

Raba zenyewe nilizinunua kwa sababu ya dada yangu. Tulizaliwa Malindi, tukaolewa Mombasa sote wawili, tukafiwa na waume sote wawili, na uzeeni tukawa tunakaa nyumba moja, yeye juu, mimi chini. Tangu tukiwa wasichana tulikuwa na ahadi kwamba siku moja tutarudi kwetu kwa miguu, tupite Mtwapa na Kilifi, tulale kwa watu njiani kama alivyokuwa akifanya babu yetu. Tukaiahirisha kwa sababu ya uzazi, kisha kazi, kisha magoti. Halafu kiharusi kikamlaza dada upande mmoja. Ulimi kilimwachia, tena mkali kuliko awali.

"Enda wewe," akaniambia. "Enda, uje unihadithie. Na usikawie, mimi si wa kungoja."

Basi nikaanza mazoezi. Nimepita sitini, na maisha yangu ya kazi niliyamaliza mbele ya ubao wa shule ya msingi. Miguu yangu ilijua kusimama, haikujua kwenda. Kwanza nilijaribu kikundi cha watembeaji, watu wenye fulana za rangi moja wanaokutana kule baharini Jumapili. Walishuka kwenye magari yao, wakanyoosha viuno, wakapigana picha, wakatembea mpaka kwa muuza madafu, wakarudi. Mmoja aliniuliza kama buibui halinizuii. Nikamwambia tumbo lake lamzuia zaidi. Sikwenda tena, wala hawakunitafuta.

Nikabaki na vichochoro vyetu, na hapo ndipo palipo na kazi. Kwetu hupiti baraza la mtu bila kusimama. Utasalimiwa, uitikie, uulizwe hali yako, hali ya mgonjwa na hali ya paka, na kila alhamdulillahi ina nyingine nyuma yake. Kwa mwendo huo Malindi ningefika nimebebwa. Na wanaouliza ni akina nani? Wanaume ambao nusu yao niliwafundisha mimi. Wameota mvi sasa, na hesabu za kutoa bado zinawashinda. Kazi yao ni kukalia jiwe kutoka asubuhi na kujua nani kaenda wapi, na hata hilo hulijua vibaya.

Asubuhi moja nikaamua sisimami. Nilimpa dada chai na mahamri, nikamfungulia redio, nikarudishia mlango bila kuufunga kama ilivyo ada yetu. Nilikuwa nakwenda mpaka Feri, kule kivukoni, na kurudi bila kupumzika. Dada alikuwa amesema nikiliweza hilo, basi niko tayari.

"Sabalkheri, Mwalimu!" lilisema baraza la kwanza. Nikainua mkono tu, nikapita.

Baraza la pili walisimama. Kusimama kwao si jambo dogo. "Mwalimu, kuna nini?" Nikaongeza mwendo. "Ni nani, Mwalimu?" akauliza mwingine, na sauti ameishusha. Sikulielewa swali, wala sikusimama ili nilielewe.

Biashara Street kuna mzee mmoja wa Kihindi, Mwislamu, ambaye watu wake wameuza leso na bafta pale tangu sisi hatujazaliwa. Aliniona naja mbio, akatoka mpaka mlangoni na mkasi mkononi. "Mama, mwanamume au mwanamke?" Nikaona huyu naye amepata wazimu. Nikamwonyesha kiganja, vidole vyote vitano, aniondokee. Akainamisha kichwa, akarudi ndani.

Sikujua kwamba nimeshaagiza. Sanda ya mwanamume ni vipande vitatu, ya mwanamke vitano. Yule mzee alivihesabu vidole vyangu, akakata bafta.

Feri nilifika jasho likinitiririka, nikafurahi kweli. Pale kila mtu ana haraka na hakuna aliyekufa. Watu walinipiga vikumbo, hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani. Nikageuka, nikarudi kwa njia ya nyuma, magoti yakilalamika na mimi nikiyatukana.

Nilipokata kona ya kwetu niliona turubai. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kichochoro kizima, birika la kahawa liko makaani, sufuria la pilau liko motoni. Kaka yetu mkubwa alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa, anaamrisha. Wanawake waliponiona wakaangua kilio.

Hapo dharau yangu yote ilinitoka. Nilijua dada kafa. Nilijua kafa peke yake, redio ikiimba, na mimi niko barabarani najifanya msichana. Nilizipanda zile ngazi sijui kwa miguu gani.

Dada alikuwa ameegemea mto wake. Pembeni yake kulikuwa na mwosha maiti wa mtaa, ndoo miguuni, kikombe cha chai mkononi.

"Huyu amenifunua shuka," dada alisema. "Nikamwambia bado, lakini akae anywe chai."

Nililia. Nilimshika mkono wake ule mzima nikalia mpaka akachoka na mimi. "Umefika Feri?" akaniuliza. Nikamwambia nimefika. "Umepumzika?" Nikamwambia hapana. Akafumba macho, akatabasamu kwa upande mmoja. Wala hakujali turubai la mtu.

Chini, ilipojulikana kwamba maiti ameomba sukari zaidi, kaka alinigeukia. "Umetutia aibu! Mwanamke mzima, wakimbia ovyo njiani. Mwisho leo. Hakuna kutembea, hakuna Malindi."

Dada alisikia. Akapiga sakafu kwa fimbo yake. "Kaka! Panda huku!"

Kaka akapanda, akipumzika kila baada ya kidaraja. Alipofika juu alikuwa anahema kuliko mimi niliyetoka Feri.

"Tangu niugue umepanda ngazi hizi mara ngapi?" dada akamuuliza.

"Magoti, dadangu. Wajua magoti yangu."

"Magoti! Nikiwa hai, ngazi zakushinda. Nikifa, waja na turubai." Akavuta pumzi. "Muache mwenzako aende. Yeye angalau yuwatoka."

Kaka aliitazama kanzu yake kama imepata doa. Hakusema tena habari ya kunizuia. Wale wengine nao hawakuondoka. Pilau ilikuwa karibu kuiva, na kwetu chakula hakirudishwi kwa sababu ndogo kama mtu kuwa hai. Walikula, wakasifu nyama, wakasema walijua tangu mwanzo kwamba si kweli. Mzee wa Biashara Street alikataa kuichukua tena bafta yake, eti ikishakatwa kwa jina la mtu hairudi dukani.

"Itie kwenye kasha," dada akaniambia. "Itakuokolea safari ya dukani."

Na iliniokolea. Nilikuwa nimepanga kuondoka mwezi uliofuata. Dada hakungoja. Alikwenda baada ya sala ya alfajiri, mimi nikiwa nampepea, na neno la mwisho alilonena lilikuwa la kuisuta chai yangu.

Kaka simu yake huiweka kabatini, kwa hivyo ilinibidi nimwendee. Raba niliziacha. Nilivaa kandambili, nikatembea polepole. Nilisimama kila baraza, nikasalimia, nikaitikia. "Mgonjwa hajambo?" Alhamdulillahi, nikawaambia. Neno hilo husemwa kwa kila hali, sikumdanganya mtu.

"Leo mbona hwendi mbio, Mwalimu?" mmoja wao akacheka.

"Leo sina haraka," nikamwambia.

Baadaye walinuna kwamba niliwapita na habari mdomoni. Wanune. Kilio chao walishakilia, wakalipwa kwa pilau.

Baada ya arubaini nikafunga mkoba wangu mdogo. Kaka alikuja kuniaga kungali na giza. Hakusema neno la maana, kama kawaida yake, lakini alikuwa amekuja kwa miguu, na jasho lilikuwa limemlowesha shingo. Akanipa mahamri kwenye karatasi. Niliyapokea.

Nikaingia kichochoroni kwa mwendo wangu wa Feri. Wanaume walikuwa wanatoka msikitini, na yule mchekaji alikuwa ameshawahi jiwe lake. Aliponiona naja mbio alisimama, akashika kofia.

"Ni nani, Mwalimu?"

"Dada yangu," nikamjibu, nikapita.